Mwindaji Mgeni na Jangili Mwenyeji

Muhula uliopita nilialikwa katika shule moja ya upili mjini Nakuru niwe mmoja wa waamuzi watatu wa mdahalo wa wanafunzi. Hoja ilikuwa imeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa: uwindaji wa kitalii urudishwe nchini Kenya. Msemaji wa kwanza wa upande wa pendekezo, msichana wa kidato cha nne mwenye sauti ya kusikika hadi mwisho wa ukumbi, alikuja na karatasi iliyoeleza jinsi hoteli moja ya porini katika jimbo la Alaska, Marekani, inavyowapokea wageni wanaokwenda kumwinda mnyama aitwaye moose. Mnyama huyo ni wa jamii ya paa, ila kwa ukubwa anamkaribia pofu wetu, na pembe za dume lake zimetanda mithili ya sinia mbili. Mgeni hupelekwa kwa ndege ndogo, hupewa kiongozi mwenye leseni, hukaa kambini siku kumi, na kwa yote hayo hulipa zaidi ya dola elfu ishirini. "Bwana mwenyekiti," akauliza binti yule, "sisi tuna nyati, tuna pofu, tuna pundamilia. Wao wana nini ambacho sisi tumekikosa?"

Wapinzani walijibu kama walivyofunzwa. Walisema kwamba marufuku ya mwaka 1977 ndiyo iliyowaokoa wanyama wetu, na kwamba anayetaka kuiondoa ni adui wa vizazi vijavyo. Mjadala ukageuka kuwa wa kurushiana takwimu, kama ilivyo desturi ya midahalo. Kisha wasikilizaji wakaruhusiwa kuuliza maswali, akasimama mvulana mmoja ambaye kwao ni upande wa msitu wa Mau. Alisema maneno machache tu. Babu yake alifungwa miezi sita mwaka 1974 kwa kumuua mbawala mmoja, na mwaka huohuo wageni walikuwa wakiwinda kwa leseni katika nchi hii hii. Akaomba aelezwe babu yake alikosea wapi.

Mwenyekiti aligonga meza akasema swali hilo halihusiani na hoja. Nasi waamuzi, nakiri, hatukuliandika popote, maana fomu tulizopewa hazikuwa na nafasi ya alama za wasikilizaji. Upande wa pendekezo ulishinda kwa alama mbili.

Mimi naona kwamba swali la kijana yule ndilo lililokuwa hoja yenyewe. Na kwa kuwa walimu wengi wa somo la historia na uraia huusoma ukurasa huu, naomba ruhusa nilijadili hapa kwa kirefu kuliko tulivyoweza siku ile.

Uwindaji wa kuongozwa haukuanzia Alaska. Bonde la Ufa ni miongoni mwa mahali ambapo biashara hiyo ilipata sura inayojulikana leo duniani kote. Mwezi wa Aprili mwaka 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika kiti cha urais wa Marekani wiki chache tu zilizotangulia, aliteremka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Msafara wake ulikuwa na mamia ya wapagazi, nao viongozi wake wakuu walikuwa wawindaji wa kulipwa, R. J. Cuninghame na Leslie Tarlton. Hadi msafara ulipofika Khartoum mwaka uliofuata, baba na mwana walikuwa wameua kwa mikono yao wanyama 512, miongoni mwao simba 17, tembo 11 na vifaru 20. Wengi wa wanyama hao walipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian mjini Washington. Wapagazi walimwita baba Bwana Mkubwa, na mwana wakamwita Bwana Mdogo, kisha Bwana Maridadi. Ndiye Roosevelt huyohuyo ambaye mwaka 1912 chama chake kipya cha siasa kilipachikwa jina la utani la moose dume, kwa hiyo binti wa kidato cha nne alikuwa karibu na historia yetu kuliko alivyodhani.

Roosevelt aliwinda viboko katika ziwa Naivasha. Baadaye alifika Njoro, kwa Lord Delamere, ambako alitafutwa bongo, yule paa mwenye milia anayejificha katika vichaka vizito vya msituni. Mzungu hawezi kumpata bongo peke yake. Hata Mwafrika wa nyanda za wazi hampati. Waliojua njia zake, maji anayokunywa na saa anazotembea ni watu ambao Wamaasai waliwaita Il Torobo, yaani watu wasio na ng'ombe, na ambao vitabu vya wawindaji huwaita Wandorobo. Wao wenyewe hujiita Ogiek. Ndio waliotangulia mbele katika giza la miti, na nyuma yao akafuata mtu mwenye bunduki.

Sasa tutazame sheria ilivyokuwa. Serikali ya kikoloni ilimuuzia mwindaji mgeni leseni ya pauni 50, na mlowezi akaipata kwa pauni 10. Mwenyeji hakuwekewa bei yoyote ambayo angeweza kuilipa. Upinde, mshale wenye sumu na mtego wa kamba vilihesabiwa kuwa silaha za kikatili, ilhali bunduki yenye risasi nzito ilihesabiwa kuwa ya kiungwana. Kwa njia hiyo, mtu yuleyule alikuwa kiongozi mwenye kusifiwa asubuhi anapomwonyesha mgeni nyayo za mnyama, akawa jangili jioni anapozifuata nyayo zilezile kwa ajili ya watoto wake. Mnyama hakubadilika, wala msitu. Kilichobadilika ni karatasi iliyokuwa mfukoni mwa mmoja wao.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 karatasi hiyo ilibaki. Nchi iliendelea kugawanywa katika vitalu vya uwindaji, na wawindaji wa kulipwa, waliokuwa wameunda chama chao mwaka 1934, waliendelea kuwapeleka wageni porini. Ndiyo sababu kijana yule aliweza kuutaja mwaka 1974 bila kukosea historia. Babu yake alikuwa gerezani wakati ambapo kumuua mbawala lilikuwa jambo halali kabisa kwa mtu mwenye fedha za leseni.

Mwezi wa Mei mwaka 1977, serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji wote kwa tangazo la kisheria nambari 120, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi, pembe na nyara nyingine. Chama cha wawindaji kikavunjwa. Hapa ndipo wanafunzi wetu walipoanza kurushiana takwimu, na ningependa walimu wawasaidie kuona kwamba pande zote mbili zilisimama juu ya mchanga.

Upande wa upinzani ulidai kwamba marufuku iliwaokoa wanyama. Ukweli ni mchungu kuliko hivyo. Watafiti wakiongozwa na Joseph Ogutu walichapisha mwaka 2016 hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege tangu mwaka 1977, wakaonyesha kwamba kwa wastani wanyamapori wa Kenya walipungua kwa asilimia 68 katika muda huo, na muda huo wote ulikuwa wa marufuku. Tembo waliokadiriwa kufika 167,000 mwaka 1973 walibaki kama 16,000 mwaka 1989, mwaka ambao Rais Daniel arap Moi alichoma tani 12 za pembe hadharani. Mifugo iliongezeka, mashamba yakakatwa vipande, nyaya zikafunga njia za wanyama, nao ujangili ukashamiri. Tangazo la serikali haliwezi kumzuia mtu asiweke uzio katika njia aliyopita pundamilia tangu enzi za mababu. Hapa kwetu, mbuga ya Ziwa Nakuru imezungushiwa uzio wa umeme tangu miaka ya 1980, na vifaru wameongezeka ndani yake. Nje ya uzio huo, kati ya mji na Elmenteita, nimeona katika maisha yangu swara wakitoweka pande ambazo hakuna aliyewahi kuwawinda kwa leseni wala bila leseni. Walijengewa nyumba juu ya malisho yao.

Upande wa pendekezo nao ulidai kwamba uwindaji ungeleta fedha, na fedha zingeleta ulinzi. Majirani zetu wa Tanzania walifunga uwindaji mwaka 1973 wakaufungua tena mwaka 1978, na wageni wanawinda huko hadi leo. Hata hivyo, tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, na pigo kubwa lilikuwa katika Pori la Akiba la Selous, lililokuwa maarufu duniani kwa uwindaji wa kitalii. Ada za wawindaji zilikuwapo, vitalu vilikuwapo, majangili wakapita katikati yake. Sisemi kwamba uwindaji ndio ulioleta msiba ule, la hasha. Nasema tu kwamba haukuuzuia.

Ikiwa basi marufuku peke yake haiokoi wanyama, na leseni peke yake haiwaokoi, tunabaki na lile swali ambalo mwenyekiti alilifukuza kwa kugonga meza: mnyama ni wa nani, na ni nani mwenye haki ya kwanza juu yake?

Hapa nirudi Alaska, maana karatasi ya binti yule ilitaja bei ikaacha sheria. Ni kweli kwamba mgeni kutoka nchi nyingine hawezi kumwinda moose huko bila kiongozi mwenye leseni. Lakini mwindaji akishamwangusha moose analazimishwa na sheria kuitoa porini nyama yote inayofaa kuliwa, na anayechukua pembe akaiacha nyama ioze hushtakiwa. Kubwa zaidi ni kwamba sheria ya jimbo ya mwaka 1978, na nyingine ya serikali kuu ya mwaka 1980, zinawapa kipaumbele watu wanaotegemea nyama ya porini kwa chakula. Wanyama wakiwa haba, anayepunguziwa kwanza ni yule anayewinda kwa kujifurahisha. Mwanakijiji hubakia na haki yake hadi mwisho. Nami sielewi jinsi mtu anavyoweza kutuletea ile hoteli ya porini, na ndege yake ndogo, na bei yake, akasahau msingi ambao vyote hivyo vimejengwa juu yake.

Kwetu mambo yamekuwa kinyume, hata baada ya bunduki za wageni kunyamaza. Miaka ya 1990 serikali ilianzisha mpango wa majaribio ulioruhusu baadhi ya wenye mashamba makubwa kuvuna idadi fulani ya wanyama katika ardhi yao na kuuza nyama na ngozi. Mashamba ya pande za Naivasha na Nakuru yalikuwa miongoni mwa yaliyoshiriki. Nyama ya pundamilia na kongoni ikaliwa kwa halali katika hoteli za Nairobi, na mwenye senti chache za kiingilio cha mezani aliweza kuionja. Mpango ulisimamishwa mwaka 2003. Lakini katika miaka yote hiyo, kibarua wa shamba lilelile aliyekutwa na paja la swara katika sufuria yake alipelekwa mahakamani.

Mwishoni mwa mwaka 2004 Bunge lilipitisha mswada ulioletwa na aliyekuwa Mbunge wa Laikipia Magharibi, G. G. Kariuki, ambao wapinzani wake waliuona kuwa unafungua mlango wa uwindaji, naye Rais Mwai Kibaki akakataa kuutia sahihi. Miezi michache baadaye, Aprili 2005, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, aliyekuwa katika uchunguzi wa biashara ya nyama ya porini aliuawa kwa risasi katika shamba la Soysambu, na mashtaka ya mauaji yakaondolewa. Mwaka 2006, katika shamba hilohilo, mwashi mmoja aliyekuwa na wenzake na mbwa wao alipigwa risasi akafa, naye aliyempiga risasi aliwashuku kuwa wawindaji haramu. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kuua bila kukusudia, kifungo cha miezi minane juu ya miaka mitatu ya rumande. Walimu wanaosoma makala haya wanajua jinsi kesi hizo zilivyoutikisa mji wetu. Sizikumbushi kwa ajili ya kufufua chuki. Nazitaja kwa sababu wanafunzi wa leo walikuwa hawajazaliwa, na mtu akiwaambia kwamba uwindaji ni suala la dola na idadi ya wanyama tu, hawana cha kumjibia.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ilikataza uwindaji wa michezo, na ikakataza vilevile uwindaji wa kujipatia kitoweo. Angalau sasa mgeni na mwenyeji wamekatazwa kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa hivyo wakati wa babu wa yule kijana. Sheria hiyohiyo iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa jamaa ya mtu aliyeuawa na mnyama na milioni 3 kwa aliyelemazwa kabisa. Ahadi ni nzuri, ila malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka, na wapo waliozika wapendwa wao wakasubiri hadi wakachoka kufuata faili.

Kisha kuna hukumu ambayo ningependa kila shule ya kaunti hii iisome darasani. Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyo Arusha iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika msitu wa Mau, na ikakataa hoja kwamba wao ndio walioharibu mazingira ya msitu huo. Mwezi wa Juni 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia na ardhi yao ishughulikiwe. Agizo hilo halijatimizwa kama lilivyotolewa. Na mwaka 2023, zaidi ya mwaka mmoja baada ya agizo, baadhi yao waliondolewa tena kwa nguvu katika nyumba zao msituni.

Nafahamu kwamba upande wa pili una malalamiko ya haki. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga za taifa, katika ardhi za watu. Mkulima wa Gilgil anayelisha pundamilia mia moja kwa nyasi ambazo zingelisha ng'ombe wake, asipate hata senti, ana sababu ya kuuliza uhifadhi huu unamfaa nini. Mwenye shamba akiambiwa kwamba mnyama ni mali ya taifa anapokuwa hai, lakini ni hasara ya mwenye shamba anapokula mahindi, atatafuta njia ya kuondokana naye, na waya ni rahisi kuliko bunduki. Hoja hiyo inastahili jibu, na jibu lake ni kumlipa anayewatunza wanyama katika ardhi yake, awe na ekari tatu au elfu tatu. Sioni kwa nini lazima malipo hayo yapitie katika mtutu wa bunduki ya mgeni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba marufuku ya uwindaji wa kitalii ibaki. Siungi mkono wale wanaosema ibaki kwa kuwa kuua mnyama ni dhambi, maana wengi wao nimewakuta wakifurahia mbuzi choma kule Kikopey bila wasiwasi wowote. Nasema ibaki kwa sababu kila mara biashara hiyo ilipoingia katika bonde hili iligawa watu kabla ya kugawa wanyama. Mtu akitaka kuirudisha, aanze na wale waliotangulia mbele katika giza la miti kule Njoro mwaka 1909. Serikali itimize hukumu ya Arusha. Fidia za waliouawa na waliolemazwa zilipwe. Mwenye ekari tatu apate stahili yake kama mwenye elfu tatu. Mambo hayo yakishakamilika, nitakuwa tayari kuisikiliza tena karatasi ya Alaska, na sioni haya kusema kwamba huenda nikashawishika.

Bongo mwenyewe, aliyewaleta wageni katika msitu wa Mau, leo inakadiriwa hawafiki mia moja porini nchini kote. Wachache wako katika msitu wa Eburu, juu ya ziwa Naivasha, ambao ulikamilishiwa uzio wa umeme mwaka 2014. Nimesimama kando ya uzio ule. Ndani ni kimya, na nje wanawake walikuwa wakipita na mizigo ya kuni.

Nimemwandikia mwalimu msimamizi wa mdahalo wa shule ile. Nimemwomba kwamba muhula ujao hoja iandikwe upya ubaoni kwa maneno ya kijana wa Mau, kama alivyoyasema, na kwamba yeye awe msemaji wa kwanza. Nimejitolea kuwa mwamuzi tena, iwapo fomu zitaongezwa mstari mmoja wa alama za wasikilizaji.